Sauti hazipakii kwenye sinthesaiza ya kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chumba chetu cha kurekodi kiko Nkuhungu, Dodoma, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanaokuja ni walimu wa kwaya, vijana wa biti, wanafunzi wa chuo wenye laptopu zilizochoka, na siku hizi hata wazee wanaotaka ala zao za Kigogo ziingie kwenye kompyuta. Karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Fundi, sauti hazipakii." Maneno hayo yanabeba magonjwa manne au matano yasiyo na undugu, na dawa ya moja haitibu jingine. Ndiyo maana mtu anafuta programu, anaisakinisha upya mara tatu, bando linaisha, na kimya kiko palepale.

Mifano mingi hapa ni ya FluidSynth, ambayo ni sinthesaiza ya kompyuta, yaani programu inayotoa sauti za ala, na Qsynth, ambayo ni FluidSynth hiyohiyo iliyovishwa madirisha na vitufe. Ni za bure na zinavumilia mashine dhaifu. Wanaotumia programu za muziki za LMMS na MuseScore nao watajikuta humu, kwa kuwa tatizo kwa kawaida liko kwenye saundifonti.

Saundifonti ni faili lililobeba sauti zilizorekodiwa za ala, pamoja na maelekezo ya sauti ipi ijibu kitufe kipi. Utaratibu huo ulibuniwa na E-mu Systems na Creative Labs, na watu wengi waliufahamu kupitia kadi ya Sound Blaster AWE32 ya mwaka 1994. FluidSynth peke yake haina sauti hata moja ndani yake. Usipoipa saundifonti, ni bubu, na hapo haijaharibika.

Nimefungua programu, nimeweka saundifonti, nabonyeza kinanda, kimya. Nianzie wapi?

Anza kwa kusoma. Programu ikishindwa kitu huwa inasema, ila inasemea mahali ambapo mtu haangalii. Qsynth ina dirisha lake liitwalo Messages. FluidSynth ikifunguliwa kwenye dirisha la amri inaandika hapohapo mbele yako. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno error. Inayofuata chini yake mara nyingi ni watoto wa huo wa kwanza, usihangaike nayo.

Kisha fuata njia ya sauti kama unavyotafuta bomba lilipoziba, kutoka kwenye tangi kuja kwenye koki. Kwenye FluidSynth andika `fonts`. Ikikuletea namba na jina la faili lako, faili limefunguka. Ikirudi tupu, shida ni faili lenyewe au njia ya kulifikia. Nenda maswali mawili yanayofuata. Kama lipo, andika `inst 1`. Inatakiwa ishuke orodha ya ala. Orodha isiposhuka, faili limefunguka ila ndani halina kitu cha kupigwa, na hilo linawapata sana wanaojitengenezea saundifonti zao.

Ukiona ala, andika `noteon 0 60 100`. Hapo unaiamuru chaneli ya kwanza ipige noti namba 60, yaani C ya katikati, kwa nguvu ya 100. (Ndiyo, chaneli ya kwanza inaitwa 0. Tutarudi kwenye balaa hilo.) Ukisikia sauti, saundifonti yako nzima, kilichokatika ni uhusiano wa kinanda na programu. Kwenye Linux washa FluidSynth na `-o midi.autoconnect=1` ili ivute kinanda yenyewe, au tumia `aconnect -l` uone nani kaunganishwa na nani. Kwenye Windows kagua kama programu imechagua kinanda chako kwenye orodha ya vifaa vya MIDI, yaani lugha ambayo kinanda huitumia kuiambia kompyuta noti ipi imepigwa.

Usiposikia kitu, na ala umeziona kwenye orodha, basi sauti inatoka ila inakwenda kwingine. Jumapili moja mwalimu wa kwaya alinipigia simu kutoka Kisasa, ibada inakaribia kuanza.

"Shikamoo mwalimu. Laptopu umeiunganisha na nini sasa hivi?"

"Marahaba. Na projekta tu, ya maneno ya nyimbo."

Projekta ilikuwa imechomekwa kwa HDMI, na kompyuta ikajiamulia kwamba sauti zote ziende huko. Projekta yenyewe haikuwa na spika. Ala zote zilikuwa zimepakia tangu saa mbili asubuhi, zinapigwa kwenye waya usio na mwisho. Alibadilisha tokeo la sauti kwenye mipangilio ya kompyuta, kinanda kikalia kabla sijakata simu.

Inaniandikia "Not a RIFF file". Maana yake nini?

Maana yake ni kwamba ulicholeta si saundifonti, hata kama jina lake linaishia na .sf2.

Faili halali la saundifonti huanza na herufi nne: R, I, F, F. Zinafuata baiti nne zinazotaja ukubwa wa faili, halafu herufi nne nyingine, sfbk. Programu husoma hizo kwanza, na isipozikuta haiendi mbele. Wewe pia unaweza kuzisoma. Kwenye Linux andika `head -c 12 jina.sf2` uone kinachotoka.

Ukiona PK mwanzoni, hilo ni faili la zipu ambalo mtu kalibadilisha jina. Lifungue kama zipu, saundifonti imo ndani. Ukiona `<!DOCTYPE` au `<html`, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti. Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote. Mtu anabofya kiungo, tovuti inamtaka kwanza aingie au asubiri sekunde kadhaa, yeye anahifadhi ukurasa ule wa kusubiri kwa jina la saundifonti. Kijana mmoja wa Area D aliniletea "kinanda cha kifahari" chenye uzito wa KB 48. Nikamwonyesha hesabu. Sauti ya mono ya biti 16 kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde inakula baiti 88,200 kila sekunde. KB 48 haitoshi hata sekunde moja ya noti moja, sasa kinanda cha funguo 88 kitakaa wapi? Akacheka mwenyewe. Hata kabla ya kusoma herufi, ukubwa wa faili ushakwambia mengi.

Kuna na mafaili ya zamani ya .sfArk na .sfpack. Hayo ni saundifonti zilizobanwa enzi za intaneti ya kusuasua, na kubadilisha jina kuwa .sf2 hakuyakunjui. Programu ya bure iitwayo Polyphone hufungua .sfArk na kukuhifadhia kama .sf2 ya kawaida.

Sasa kama RIFF ipo na sfbk ipo, lakini programu inalalamika kwamba ukubwa haulingani, faili lilikatika njiani. Zile baiti nne za katikati ziliahidi ukubwa fulani na faili halikuutimiza. Bando limeisha usiku, au umeme umekatika na ruta ikazima. Pakua upya. Tovuti ikiwa imeweka namba ya ukaguzi ya SHA256, ilinganishe na yako: Linux ni `sha256sum jina.sf2`, Windows ni `certutil -hashfile jina.sf2 SHA256`. Tarakimu moja ikitofautiana, faili si lile.

Faili naliona kwa macho yangu, lakini programu inasema halipo.

Wewe unaliona kwa jina unaloonyeshwa, programu inalitafuta kwa jina la kweli.

Windows kwa kawaida huficha viambishi vya majina, kwa hiyo "kwaya.sf2" unayoiona inaweza kuwa kwaya.sf2.zip, au kwaya.sf2.sf2 kama uliongeza mwenyewe. Washa mipangilio ya kuonyesha viambishi, uishi kwa amani. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: Kinanda.SF2 na kinanda.sf2 ni mafaili mawili. Na kwenye dirisha la amri, nafasi katikati ya jina hulikata vipande, "Nyimbo za Pasaka.sf2" isiyofungwa kwa alama za nukuu inasomeka kama mafaili matatu, na hakuna hata moja lililopo.

Halafu kuna ugonjwa wa flashi. Ulipoanza wimbo, saundifonti ilikuwa kwenye flashi iliyosomeka E. Leo umechomeka modemu kwanza, flashi imekuwa F, na mradi wako unaendelea kubisha hodi E. Saundifonti ikae ndani ya kompyuta, kwenye folda moja isiyohamahama. Flashi ni ya kusafirishia.

Na wa Ubuntu: programu uliyoisakinisha kwa njia ya snap inaweza kuwa imezuiwa kusoma flashi mpaka uipe ruhusa. Usitafute kosa kwenye faili. Linakili kwanza kwenye folda yako ya nyumbani, ujaribu tena.

Nimetumiwa faili la .sfz kwa WhatsApp, linafunguka lakini halitoi sauti.

Umetumiwa orodha ya manunuzi, kikapu kimebaki sokoni. SFZ si kama saundifonti. Ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad ukayasoma: sampuli fulani, yaani sauti moja iliyorekodiwa, iko folda fulani, ijibu kitufe hiki hadi kile. Sauti zenyewe ni mafaili ya WAV au FLAC yaliyokaa pembeni. Aliyekutumia arudi, abane folda nzima kwenye zipu, akutumie hiyo.

Ukiwa na folda nzima na bado inakataa, fungua maandishi uangalie mistari ya `sample=`. Kama imeandikwa Sauti/Do.wav na folda yako inaitwa sauti kwa herufi ndogo, kwenye Windows itapiga na kwenye Linux itanyamaza. Kama njia inaanzia C:\Users\ na jina la mtu mwingine, aliyetengeneza aliandika anwani ya nyumbani kwake. Ifute ibaki sehemu inayoanzia kwenye folda ya sampuli.

FluidSynth haisomi SFZ kabisa. Tumia sforzando au sfizz.

Saundifonti ya .sf3 inapiga kwa mwenzangu, kwangu inakataa.

SF3 ni saundifonti ambayo sampuli zake zimebanwa kwa Ogg Vorbis. Ilienea kupitia MuseScore. FluidSynth ya zamani haiwezi kuikunjua, na hata mpya inahitaji iwe imejengwa pamoja na maktaba ya libsndfile. Sasisha programu. Ukishindwa, ifungue kwenye Polyphone uihifadhi kama .sf2, ila ujue itanenepa mara kadhaa.

Inapakia dakika nzima halafu kompyuta inaganda.

FluidSynth kwa kawaida huchukua sampuli zote na kuziweka kwenye RAM, hata za ala ambazo hutazigusa maisha yako. Kwa hiyo uzito wa faili kwenye diski ndio takriban uzito wake kwenye RAM. TimGM6mb ina kama MB 6, na sauti zake ni za kitoto kidogo lakini inakwenda popote. GeneralUser GS iko kwenye MB 30 hivi. Hii ndiyo ninayompa mtu yeyote mwenye laptopu ya RAM GB 2 au 4, maana imepangiliwa kwa akili kuliko ukubwa wake. FluidR3_GM ni kama MB 140, karibu nusu saa ya sauti ukiipiga yote kwa mono. Juu ya hapo kuna vinanda peke yake vya GB 1 au 2. Ukikiweka kinanda cha namna hiyo kwenye mashine ya GB 4 ambayo tayari ina kivinjari chenye vichupo 20, mashine itaanza kutumia diski kama RAM, na hapo ndipo inapoganda. Faili halina kosa.

Ukiing'ang'ania hiyo kubwa, washa FluidSynth hivi:

`fluidsynth -o synth.dynamic-sample-loading=1 jina.sf2`

Hapo inapakia sampuli za ala zilizochaguliwa tu. Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha ala katikati ya wimbo inaweza kukwama kidogo ikienda diskini, kwa hiyo kanisani siipendi. Nyumbani ni sawa.

Mbele ya mitambo mingi mipya mtu anadhani kubwa ndiyo bora. Nimerekodi kwaya nyingi hapa kwa GeneralUser, na hakuna mchungaji aliyewahi kuniuliza faili lina ukubwa gani.

"Failed to pin the sample data to RAM, swapping is possible." Nifanye nini?

Hakuna. Ni onyo, si kosa. Programu iliomba sampuli zake zisihamishiwe diskini, mfumo ukakataa. Sauti zimepakia. Ukiona kuna mikwaruzo baadaye, jiunge na kikundi cha `audio` kwenye Linux na ukiruhusu kifunge kumbukumbu. Vinginevyo piga muziki.

Kinanda kinapiga, ngoma kimya. Au nachagua ala hii inatoka nyingine.

Karibu tena kwenye balaa la namba.

General MIDI ya mwaka 1991 ilipanga ala 128 na kuzipa namba 1 hadi 128. Kompyuta huhesabu kuanzia 0. Kwa hiyo kwenye vitabu kinanda cha kanisani ni namba 20, kwenye FluidSynth ni 19. Kwaya ya "aa" ni 53 kitabuni, 52 kwenye programu. Kalimba, jirani wa ilimba yetu (ala ya Kigogo ya vyuma vinavyokwanyuliwa), ni 109 kitabuni, 108 kwenye programu. Ukiomba 109 kwenye FluidSynth unapata zumari ya Waskoti yenye mfuko. Nimeona mzee mmoja wa Chamwino akiruka kwenye kiti.

Ngoma zina yake. Kwenye MIDI zinakaa chaneli ya 10, ambayo programu inaiita 9, na ndani ya saundifonti zinakaa benki (fungu la ala) namba 128. Ukiwa umetuma ngoma chaneli ya 1, zitapigwa kama noti za kinanda, zinasikika kama mtoto anaparamia meza. Ukiwa umetuma 10 sahihi lakini saundifonti yako ni ya kinanda peke yake, benki 128 haimo, na programu itaandika kitu kinachoanza na "Instrument not found on channel". Kwa ala za kawaida mara nyingi itakupa mbadala, ndiyo maana unasikia ala ambayo hukuiomba. Soma mstari huo hadi mwisho: unataja chaneli, benki na namba iliyotafutwa. Nusu ya kazi imefanyika.

Dawa ni kupakia saundifonti mbili, ya jumla na ya kinanda chako. Hapa mpangilio una maana. FluidSynth huanza kutafuta kwenye iliyopakiwa mwisho. Ukipakia kinanda chako kwanza na ya jumla baadaye, ya jumla itakifunika na wewe utalalamika kwamba kinanda hakikupakia. Geuza, au tumia amri ya `select` kutaja chaneli, namba ya saundifonti, benki na ala bila kuacha nafasi ya kubahatisha.

Sauti zimepakia ila ziko nje ya ufunguo.

Hili lina historia yake hapa studio. Tulirekodi ilimba ya mzee mmoja kwa simu, kwa sababu siku hiyo umeme haukuwepo na yeye alikuwa anasafiri kurudi Mpwapwa. Nikakata noti moja moja, nikaziingiza, nikapeleka mfano kwa kwaya iliyokuwa ikiungojea. Mwalimu wao anasoma Doh na Reh tangu utoto, hahitaji mashine ya kupimia. Akasikiliza mara moja. "Kijana, nilikuomba Doh C. Hii umenipa haipo kwenye C wala haipo kwenye B."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Simu ilirekodi kwa kasi ya 48,000, na mimi katika kuhamisha nikawa nimeacha sampuli imeandikwa 44,100. Sinthesaiza ikaamini maandishi, ikapiga polepole kuliko ilivyorekodiwa, na sauti ikashuka karibu nusu-toni moja na nusu, C ikaangukia katikati ya B na B-flati. Ikiwa kinyume chake, inapanda kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukisikia ala imehama kwa nusu-toni moja na nusu, usiguse vitufe vya kurekebisha ufunguo. Nenda kaangalie kasi ya sampuli.

Ikiwa imehama kwa oktavu nzima au noti kadhaa kamili, kosa ni la noti mzizi: sampuli ni ya G na umeiandika kuwa ni ya C. Ikiwa imepotea kidogo tu, rekebisha kwa senti. Senti 100 hufanya nusu-toni moja.

Ila tahadhari kwa ala za hapa kwetu. Ngazi ya muziki wa Kigogo haikukatwa kwa kipimo cha kinanda. Inafuata sauti za asili zinazopandana juu ya sauti mama, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa senti kama 31. Kijana akiiweka ilimba kwenye mashine ya kupimia, akaona mshale umeegemea kushoto, anaivuta hadi katikati. Ameua ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha ilimba duniani ikiwa na ngazi yake yenyewe, na waliomsikiliza hawakuomba irekebishwe.

Nimejitengenezea saundifonti ya ala yangu. Inapakia bila kosa, lakini haina kitu.

Kwa sababu umeishia kwenye ngazi ya kwanza au ya pili. Saundifonti ina ngazi tatu: sampuli, ambazo ni sauti tupu, ala, zinazosema sampuli ipi ikae vitufe vipi, na preseti, ambazo ndizo zenye namba ya benki na namba ya ala. Sinthesaiza huita preseti tu. Ukiweka sampuli 14 nzuri ajabu na ukazipangia ala, lakini hukutengeneza preseti, FluidSynth italifungua faili kwa heshima zote na `inst 1` itarudi tupu. Kwenye Polyphone ngazi zote tatu ziko upande wa kushoto. Buruta ala iingie kwenye preseti, ipe benki 0 na namba yoyote, hifadhi, jaribu.

Ikishapiga, kuna mengine mawili yatakayokukera. Jina la sampuli lina nafasi ya herufi 20 tu, kwa hiyo "Ilimba_ya_babu_Chamwino_01" na "_02" zikikatwa zinafanana, na utashindwa kujua ipi ni ipi. Anza na namba. La pili, ukiachia kitufe sauti inakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Hapo muda wa kuachia umebaki kwenye kiwango chake cha kuanzia, ambacho ni milisekunde 1. Ilimba inatakiwa ife yenyewe na ule mgurumo wake mwembamba. Weka sekunde 2 au 3. Na usiizungushe kwa mzunguko wa kurudia. Mzunguko ni wa filimbi, zeze na sauti za watu, zinazoweza kudumu. Chuma kilichokwanyuliwa hakidumu, na ukikilazimisha kitalia kama kengele ya mlangoni.

Rekodi mono. Funga madirisha pia: kati ya Juni na Agosti upepo wa Dodoma unaingia kwenye kila sampuli, na ukipiga noti nne kwa pamoja unasikia pepo nne.

Inapiga dakika 15 kisha inanyamaza.

Hiyo ni Kontakt Player, programu nyingine ya kupigia maktaba za sauti, na maktaba uliyoipakia si ya Player. Inakuruhusu kuijaribu kwa dakika 15, basi. Haijaharibika. Na kama maktaba yako umeipata imevunjwa kufuli, usishangae kinga ya virusi ikiwa imeng'oa mafaili mawili matatu katikati, sitakusaidia kuyarudisha.

Sauti ni ndogo mno, au inakwaruza.

Hayo si ya kupakia, lakini mnayaleta hivyohivyo. FluidSynth huanza na nguvu ya 0.2, ambayo ni ya tahadhari. Iwashe na `-g 0.6`, na ukisikia inapasuka rudi nyuma. Mikwaruzo inatokana na kompyuta kushindwa kuwahi. Ongeza ukubwa wa akiba ya sauti kwa `-z 512`, au 1024 kwa mashine nzee. Vidole vitasikia kuchelewa kidogo. Kwenye kurekodi utazoea, kwenye kupiga moja kwa moja huenda usipende.

Nimenakili saundifonti kutoka kwa rafiki, kwake inapiga, kwangu inaharibika kila mara.

Shuku flashi. Zipo zinazouzwa zimeandikwa GB 64 na ndani zina 8. Zinapokea faili, zinaonyesha jina na ukubwa sahihi, na zinarudisha takataka. Piga SHA256 kwenye kompyuta ya rafiki, kisha kwenye yako baada ya kunakili. Zikitofautiana, flashi hiyo itumie kufungulia soda. Faili likizidi GB 4 na flashi ikiwa FAT32, halitaingia kabisa. Ifomati upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Nikija kwenu nije na nini?

Laptopu yenyewe na chaja yake. Faili la saundifonti lenyewe, si kiungo chake. Picha ya maandishi yaliyotokea, hata kama ni ya simu na imekaa upande, mradi inasomeka. Kama ni SFZ, folda nzima. Kama ni ala uliyoirekodi, leta rekodi asili kabla hujaikata, na kama inabebeka leta na ala. Jumamosi asubuhi ndiyo nzuri, kabla kwaya hazijaanza kuingia saa nane. Na programu iache ilivyo mpaka nione ilichoandika. Ukishaifuta na kuirudisha, yale maandishi ya kwanza huwa yameshaondoka, na tunaanza kubahatisha wote wawili.